Vitz inachemsha Kitonga, maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone

Binti wa Kihesa
Wakuu habari za jioni. Wenye uzoefu na Vitz hizi za pistoni tatu naomba mnisaidie kabla sijatoa hela kwa fundi.

Gari ni Vitz KSP90 ya 2007, injini 1KR, gia otomatiki. Naitumia hapa Iringa mjini na mara kwa mara nashuka nayo Dar. Tangu mvua ziishe maji ya rejeta yanapungua. Kidumu cha akiba kiko palepale kwenye mstari wa juu, lakini nikifungua mfuniko wa rejeta asubuhi injini ikiwa ya baridi, maji siyaoni mpaka niongeze. Usiku natandika boksi chini ya gari, asubuhi boksi kavu.

Mjini haina tabu, tabu ni safari. Juzi natoka Dar, Mikumi vizuri, Ruaha Mbuyuni nimenunua vitunguu vyangu vizuri, naanza kupanda Kitonga nyuma ya malori, AC inafanya kazi, nilipofika kona za juu taa nyekundu ya joto ikawaka. Dashibodi hii haina mshale, ina taa ya bluu na nyekundu tu, kwa hiyo joto lilianza kupanda saa ngapi sijui. Nikazima AC, nikatafuta pembeni, nikazima gari.

Fundi wa kwanza anasema toa themostati, hii ni ya nchi za baridi. Wa pili hata boneti hakufungua, kasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua nitafute injini iliyotumika ya Dubai. Nani nimsikilize?

Jongoo wa Mbagala
Uza, ongeza hela chukua IST. Pistoni tatu na Kitonga wapi na wapi.

Kondakta Mstaafu
Jongoo, IST ngapi zimechemsha pale pale Kitonga? Mlima hauangalii idadi ya pistoni, unaangalia maji. Dada, nakaa hapa nasubiri wataalamu.

Mzee wa Spana
Dada pole na safari. Injini usinunue bado, na huyo aliyetoa hukumu bila kufungua boneti usimrudie.

Nijibu haya kwanza. Ukifungua mfuniko wa oili, kwa ndani kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa? Asubuhi ukiwasha, ekzosi inatoa moshi mweupe usioisha hata gari ikishapata moto? Mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ukiubonyeza asubuhi kabla ya kuwasha, ni mgumu, uko kawaida, au umenywea? Ukipaki baada ya mwendo unasikia harufu tamutamu mbele ya gari? Na la mwisho: washa gari, washa AC, ufungue boneti uone kama feni ya rejeta inazunguka.

Dereva wa Tunduma
Mnamzungusha dada wa watu bure. Toa themostati, maji yapite muda wote, mambo yaishe. Noah yangu sina themostati miaka na miaka na inakwenda hadi mpakani. Hivi vitu Wajapani wameweka kwa ajili ya theluji yao.

Mzee wa Spana
Dereva, tunaheshimiana lakini hapo tutabishana mpaka kuche.

Themostati ya Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na inakuwa wazi kabisa kwenye 95. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo, uwe Hokkaido au Kibaha. Ukiitoa, kwenye tambarare injini inakwenda ubaridi. Sensa inaiambia kompyuta bado tuko baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, plagi zinapata masizi, na oili haipati joto la kukausha unyevu wake. Halafu kuna injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kwa nyuma, kinachoziba njia ya mkato pale inapofunguka. Hizo ukitoa themostati, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, na mlimani gari inachemsha kuliko mwanzo. Mwenye gari anabaki haelewi, fundi keshaondoka na hela.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuitoa kunaficha ugonjwa. Dada hakusema maji hayazunguki. Kasema maji yanapungua. Ukitoa themostati maji yataacha kupungua?

Dereva wa Tunduma
Mimi naongea kwa vitendo, wewe unaongea kwa kitabu. Noah iko nje hapa, inadunda.

Binti wa Kihesa
Mzee wa Spana ahsante sana. Majibu: oili safi, mfuniko wake safi. Moshi asubuhi upo kidogo kwa sababu ya baridi ya Iringa, ukishatoka na gari unaisha. Mpira wa juu asubuhi umenywea, kama umefyonzwa kwa ndani. Harufu tamu ipo, nilidhani ni ya kisafisha hewa cha ndani. Feni inazunguka nikiwasha AC.

Na kuna kitu nimekiona wakati naangalia. Upande wa mkanda, kwa chini, kuna ukoko mweupe unaoelekea upinki, na mkanda wenyewe una madoa yaliyokauka.

Mzee wa Spana
Dada umeshajitibu nusu. Huo ukoko ni kulanti iliyokauka, yaani yale maji ya rangi ya kupoza injini. Ile ya pinki ya Toyota maji yake yakishakwenda na hewa inabakiza unga huo huo unaouona.

Nashuku pampu ya maji. Injini za 1KR zinajulikana kwa hilo hata Ulaya, maana ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, na wenye vigari hivyo wanalia na pampu ya maji kama wewe. Pampu inazungushwa na mkanda wa nje. Ndani ina beringi na sili, na kati yake mtengenezaji kaacha kitundu kidogo makusudi, ili sili ikianza kuchoka maji yatoke nje uyaone badala ya kuingia kwenye beringi. Mwanzoni yanatoka kidogo, tena injini ikiwa na moto na presha. Yanarushwa na puli, yanaangukia kwenye chuma chenye moto, yanakauka hapo hapo. Ndiyo maana boksi lako ni kavu. Harufu unayoisikia ndiyo maji yako.

Usiku injini ikipoa maji yanasinyaa na kunatokea mvuto. Inatakiwa mvuto huo urudishe maji kutoka kidumu cha akiba kupitia kivalvu kidogo kilicho katikati ya mfuniko wa rejeta. Kivalvu kikiganda, kidumu kinabaki kimejaa na mpira unanywea kama ulivyoukuta. Kwa hiyo mfuniko nao nauweka kizuizini. Na kama pampu inavuja, hewa inaweza kupenya hapo pia. Watu wengi wanaangalia kidumu, wanaona kimejaa, wanaondoka na rejeta tupu.

Chukua tochi ya simu, chungulia puli ya pampu ukiwa upande wa tairi la mbele kulia, injini imezimwa na imepoa. Ishike puli uitikise. Ikicheza, au ukiona njia ya maji imeshuka kutoka kwenye kitundu, jibu unalo.

Mswahili wa Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku maradhi haya tunayajua, gari zatoka vizuri Kisiwani, zafika Mazeras kwenye mwinuko makanika apigiwa simu. Mara nyingi ni maji ya kisima. Mtu ajaza maji ya chumvi kwenye rejeta mwaka mzima, ndani kwaota kutu na magamba, vijia vya rejeta vyaziba, na sili ya pampu yaliwa. Dada, umekuwa ukiongeza maji gani?

Binti wa Kihesa
Ya bomba, na nikiwa Dar ya kisima pale nyumbani kwa shangazi. Kwani mtu unaongeza nini barabarani?

Mswahili wa Mvita
Barabarani huna budi, weka utakacho ufike. Lakini ukifika yatoe. Yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta ndiyo ya kuchanganyia kulanti.

Kitonga Hanijui
Mimi swali. Kwa nini foleni ya Dar kwenye jua kali haichemshi, Kitonga inachemsha? Feni si ile ile?

Mzee wa Spana
Swali zuri, na hapa ndipo mfuniko unapoingia.

Kwenye foleni injini haibebi mzigo, inanguruma tu. Kitonga iko na gia ndogo, mizunguko mingi, imekanyagwa, AC inavuta, na mwendo ni wa kukimbizana na lori la Tunduma, kwa hiyo upepo wa mbele haupo. Joto linalozalishwa ni kubwa mara kadhaa. Na kumbuka ametoka kwenye bonde la Ruaha lenye joto lake.

Sasa ongeza mwinuko. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, mita elfu moja na mia tano na ushee juu ya bahari, sufuria la wazi linachemka kwenye 95 hivi. Feni ya Toyota nyingi inaanza kuzunguka kwenye tisini na kitu. Yaani bila presha, feni ikianza kuamka maji tayari yako ukingoni. Kinachookoa ni mfuniko. Tazama juu yake, umeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha unayoizuia ndani, na ukiwa mzima maji yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukipasuka, au pampu ikivuja, presha haishiki. Mapovu ya mvuke yanatokea kuzunguka silinda, na mvuke haubebi joto kama maji.

Halafu taa nyekundu. Sensa inapima maji. Maji yakishuka chini ya sensa, inabaki inapima mvuke na inaweza isiseme kweli kwa wakati. Ikiwaka simama, usisubiri ikuzoee.

Jongoo wa Mbagala
Kuna dawa ya unga ya kuziba inauzwa, unamimina kwenye rejeta mchezo umeisha. Na wazee walikuwa wanapasua yai, wanaweka ute. Mbona mnapenda gharama.

Rejeta Tabata
Nafanya kazi ya rejeta, niongee kidogo. Dawa ya kuziba haijui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni la kazi. Pampu haizibwi kwa dawa kwa sababu sili inazunguka, itakata kila kinachoganda pale. Kinachotokea dawa inaenda kukaa kwenye vijia vya rejeta na kwenye rejeta ndogo ya hita ndani ya dashibodi. Tunazifungua zikiwa zimejaa tope. Yai ndiyo kabisa, linaoza, ukifungua mfuniko unakimbia.

Kama gari imekuangusha porini na unataka kufika tu, hilo ni jambo jingine. Ila ukifika, safisha.

Kondakta Mstaafu
Na yule fundi wa gasketi ya hedi? Tumfuteje kwa uhakika?

Mzee wa Spana
Kwa kupima. Kuna pampu ya mkono inafungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, unapandisha presha hadi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, injini imezimwa na ni baridi, unasubiri. Mshale ukishuka kuna pa kutokea, na kwa sababu hakuna moto wa kukausha, safari hii utayaona maji yenyewe. Mfuniko nao unapimwa kwa kifaa hicho hicho kwa kipande chake.

Kama presha inashuka na nje kote ni pakavu, na ndani ya gari zulia la mbele halijalowa, hapo ndipo unamshuku hedi. Kuna dawa ya bluu inawekwa kwenye kichupa juu ya rejeta, gari inanguruma. Hewa ya ndani ya silinda ikivuja kuingia kwenye maji, dawa inageuka njano. Gereji zenye vifaa hivi si nyingi, ila Iringa huwezi kukosa. Tafuta inayopima, achana na inayobashiri.

Ila nisikudanganye: 1KR bloku ni aluminiamu na hedi ni aluminiamu. Ikichemshwa sana inapinda, na hapo gasketi inaungua kweli. Injini ikishafika huko hedi inavuliwa, inawekewa rula ya chuma na kupimwa kwa fila, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya, ikizidi kiwango inapelekwa kusagwa. Wewe uliizima mapema, naamini hujafika huko.

Binti wa Kihesa
Nimepata gereji yenye hiyo pampu ya mkono. Presha imepanda, mshale ukaanza kushuka taratibu, na fundi akanionyesha kwa kioo kidogo: tone linatokea kwenye kitundu cha pampu, linashuka, jingine linafuata. Nimeliona kwa macho yangu. Puli ikitikiswa inacheza kidogo. Mfuniko nao haushiki, mpira wake una mkato. Dawa ya bluu imebaki bluu.

Sasa spea. Kuna ya Dubai imetoka kwenye injini, kuna mpya ya bei ya chini, kuna mpya ya bei ya juu. Kipi?

Rejeta Tabata
Ya Dubai kwa pampu ya maji, hapana. Kwa taa na vioo sawa. Pampu iliyokaa kavu kwenye injini iliyosafirishwa sili yake imeshakauka, utarudi hapa. Nunua mpya, ukifika Kariakoo pale Gerezani au mwenye duka akikutumia kwa basi, mpe namba ya chesisi, usiseme "ya Vitz", Vitz zina injini nyingi. Shika mkononi uizungushe: iende laini bila kukwaruza, isicheze kabisa. Nunua na gasketi yake. Na mkanda, kwa sababu ule umelowa kulanti.

Mzee wa Spana
Themostati nayo badilisha, maji yameshamwagwa hata hivyo. Mfuniko usiuache, na usiende na namba kubwa kuliko iliyoandikwa ukidhani unaimarisha, utapasua mipira na matangi ya plastiki ya rejeta.

Kulanti: maji yote ya bomba na kisima yatolewe, isuuzwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe, ndipo ijazwe. Mfumo wote ni lita 4 na kidogo. Ile ya pinki ya Toyota inayodumu inakuja imeshachanganywa nusu kwa nusu, usiiongezee maji. Ukipata ya kuchanganya mwenyewe, nusu kulanti nusu maji ya betri. Usichanganye kijani na pinki. Na rangi isikupumbaze, kuna chupa ni maji yenye rangi ya juisi. Mabaki usimwage uani: kulanti ni tamu na ni sumu, mbwa au paka akiramba amekwisha.

Kutoa hewa ndipo mafundi wanapoharakisha. Mfuniko wazi, hita kwenye moto wa mwisho, gari inguruma, fundi abonyezebonyeze mpira wa juu mapovu yatoke, aongeze polepole. Themostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, aongeze tena. Feni izunguke na kuzima zaidi ya mara moja, na hita itoe hewa ya moto kwelikweli. Hita ikitoa ubaridi wakati injini ina moto, kuna hewa bado ndani. Asikukabidhi funguo hivyo.

Kitonga Hanijui
Na ikichemsha ukiwa katikati ya mlima, mtu afanye nini? Nimeona watu wanamwagia injini maji ya baridi.

Kondakta Mstaafu
Hiyo niachieni, nimeiona maisha yangu yote barabarani.

Kwanza zima AC, fungua vioo, washa hita moto wa mwisho na feni yake. Mtateseka ndani lakini ile ni rejeta ya pili, inaweza kukufikisha penye nafasi. Usisimame kwenye kona. Kitonga wanaoshuka nao wana mambo yao, breki zao zinanuka. Weka pembetatu mbali, abiria washuke upande wa mlimani, na jiwe nyuma ya tairi.

Ukisimama, kama unaona mvuke au maji yanamwagika, zima mara moja. Kama hakuna kilichomwagika na feni inazunguka, unaweza kuiacha ingurume kidogo ipoe, lakini taa ikiendelea kuwaka zima. Halafu kaa. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Nimeona kijana kaufungua kwa papara na kanga ya abiria, maji yakamvua ngozi ya mkono mpaka kwenye kiwiko, basi zima likanyamaza. Subiri mpaka uushike mpira wa juu kwa kiganja bila kuutoa mkono, na uwe mlegevu. Ndipo ufungue kwa tambara nene, robo mzunguko, usikilize, ndipo umalizie.

Maji ya kumwagia injini kwa nje, acha. Chuma chenye moto ule kikipata baridi ghafla kinapasuka. Hata ya kuongeza ndani, subiri, mimina kidogokidogo injini ikiwa inanguruma.

Binti wa Kihesa
Mrejesho wakuu. Pampu mpya, themostati mpya, mkanda, mfuniko 1.1 kama ule wa mwanzo, kulanti ya pinki. Fundi alitaka kufunga mfuniko na kunipa funguo kabla feni haijawaka, nikamwambia hita bado baridi, tukarudi kuitoa hewa. Mpira wa juu sasa asubuhi uko mnene, haunywei, na kidumu kinashuka na kupanda.

Nikanunua na kile kidude cha blututhi cha kuchomeka chini ya usukani, kinasoma joto kwenye simu. Nimeshuka Dar na kupanda. Tambarare 88 hadi 91. Kitonga nyuma ya lori la saruji, AC inafanya kazi, ilifika 97, feni ikaishusha. Kule juu nilizima AC mwenyewe kwa woga tu.

Jongoo wa Mbagala
Hongera dada. Ila IST bado nakushauri.

Dereva wa Tunduma
Mngetoa themostati ingekuwa 80.

Mzee wa Spana
Dereva, lete risiti za petroli za Noah tuzungumze.

Mama Subaru
Jamani na mimi, samahani kudandia uzi wa mwenzangu. Forester, injini ya EJ25, kulanti inapungua, kuna unyevu chini kwenye maungio ya hedi na bloku upande wa kushoto, na kidumu kinatoa mapovu gari ikipata moto. Nayo ni pampu?

Mzee wa Spana
Hapana mama, mapovu kwenye kidumu na unyevu kwenye maungio ya hedi, EJ25 inajulikana kwa gasketi za hedi. Gari isitembee tena, ipelekwe ikibebwa, ipimwe na ile dawa ya bluu. Ikigeuka njano, hedi zote mbili zivuliwe kwa pamoja, zipimwe, zisagwe, na gasketi ziwe za chuma za matabaka. Fungua uzi wako, weka picha za hapo penye unyevu, nitakuja.